Gari la Chini na Barabara ya Matuta

Mwaka 1953, mkuu wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, alichoshwa na magari yaliyokuwa yakipita kwa kasi chuoni kwake. Mkuu huyo, Arthur Holly Compton, hakuwa mtu wa kusimika kibao cha "Punguza Mwendo" akaishia hapo. Alikuwa na Nobeli ya fizikia tangu 1927. Akapiga hesabu za mtikisiko unaolipata gari kwenye kinundu kwa mwendo mbalimbali, kisha akabuni tuta ambalo mwenda pole hulivuka bila taabu na mwenda kasi hulijutia.

Matuta yalikuwapo hata kabla ya Compton, lakini fikra yake ndiyo inayotawala mpaka leo: tuta limwadhibu mwenye haraka, mstaarabu apite salama. Dereva mmoja tu alisahauliwa katika mpango huo. Ni yule aliyeketi ndani ya gari la chini, la mbio au lenye asili ya mbio, ambaye hata akitambaa kwa kilomita 5 kwa saa bado anasikia bampa likikwaruza saruji. Kwake yeye tuta haliulizi mwendo.

Madereva wa namna hiyo si haba Afrika Mashariki, na wengi wao hawajawahi hata kuikaribia Ferrari. Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam yamekwisha kutumika Japani, ambako usukani uko kulia kama huku. Humo mna Subaru Impreza WRX, Mazda RX-8, Nissan Fairlady Z, na Toyota Mark X ambayo si gari la mbio lakini kijana akishaivalisha rimu kubwa na springi fupi huwezi kumwambia kitu. Yote hayo yalitengenezwa kwa barabara za Japani, na baadhi yalishushwa zaidi na mmiliki wa kwanza kabla hayajapanda meli. Sheria ya ukaguzi wa magari ya Japani inadai nafasi ya sentimita 9 tu kutoka ardhini. Sentimita 9 ni karibu upana wa kiganja.

Sasa liangalie tuta lenyewe. Uingereza ina kanuni za mwaka 1999 zinazotaka tuta liwe na kimo cha kati ya milimita 25 na 100, na upana wa angalau milimita 900 kwa uelekeo wa gari. Huku, tuta la mtaani mara nyingi hujengwa na wakazi wenyewe, siku chache baada ya mtoto kugongwa, kwa mchanga, saruji na hasira. Hakuna anayepima. Halina rangi nyeupe wala kibao, na juu yake huwa na ncha badala ya mgongo wa duara. Mtu hawezi kuwalaumu waliolijenga, kwa sababu wanajua vizuri walichokiona barabarani kwao. Ila gari lenye sentimita 11 chini ya tumbo likikutana na tuta la sentimita 15 lenye ncha, matokeo yanajulikana kabla dereva hajakanyaga breki.

Kwa nini wanalishusha?

Mtu anayetazama gari la mbio likihangaika kuingia getini huuliza swali la haki: kwa nini waliolitengeneza hawakuliinua kidogo tu, likapita kama mengine? Jibu lipo kwenye kona. Gari likikata kona, uzito wake huhamia kwenye matairi ya upande wa nje, na yale ya ndani hubaki mepesi na kushika barabara kwa shida. Kiasi cha uzito kinachohama hutegemea kimo cha kitovu cha uzito wa gari, kikigawanywa kwa umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia. Shusha kitovu hicho kwa sentimita chache, na matairi yote manne yanafanya kazi pamoja. Ndiyo maana Ford ilipotaka kuishinda Ferrari kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans ilijenga gari lenye kimo cha inchi 40 tu, yaani kama mita moja na sentimita mbili kutoka ardhini hadi paani, na kimo hicho kikaingia kwenye jina lake: GT40. Lilishinda Le Mans mara nne mfululizo, kuanzia 1966 hadi 1969.

Sababu ya pili ni hewa. Hewa inayopita chini ya gari ikibanwa kwenye njia nyembamba huongeza mwendo, na shinikizo lake hupungua, hivyo gari huvutwa chini bila kuongezewa hata kilo moja. Timu ya Lotus ilitumia ujuzi huo kwenye Formula 1 kwa gari lake la 78 mwaka 1977, na wenzake wakaiga haraka. Magari yakawa yanashika kona kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1981 wasimamizi wakaamuru kila gari liwe na nafasi ya sentimita 6 chini yake. Tatizo likawa kwamba nafasi hiyo ilipimwa gari likiwa limesimama. Gordon Murray, mhandisi wa Brabham, akatengeneza mfumo wa kimiminika na hewa ulioliacha gari lilale chini lenyewe likishika kasi, kwa kusukumwa na hewa, kisha lijiinue taratibu linaporudi kupimwa. Kila mtu aliona kwa macho yake kwamba gari lilikuwa likikaribia kugusa lami, na kila kipimo kilionyesha sentimita 6. Nelson Piquet akawa bingwa wa dunia mwaka huo akiwa na gari hilo, Brabham BT49C.

Tangu 1994 magari ya Formula 1 hubandikwa ubao chini ya tumbo wenye unene wa milimita 10. Ukilika kupita milimita moja, gari linafutwa kwenye matokeo. Yaliwakuta Lewis Hamilton na Charles Leclerc mjini Austin mwaka 2023. Hamilton alikuwa ameshika nafasi ya pili, akapoteza pointi zote za mbio hizo kwa sababu ubao wake ulisuguliwa mno na vinundu vya uwanja ule. Kwa hiyo, mwenye Impreza anayelia kwenye tuta la mtaani asidhani yuko peke yake.

Namba moja haitoshi

Wauzaji hutaja namba moja: nafasi ya chini ni milimita 130, au 145, au 160. Ni umbali kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari, magurudumu yakiachwa kando, gari likiwa limesimama. Namba hiyo ni mwanzo tu wa habari, na wanunuzi wengi huipa heshima isiyostahili. Magari mawili yenye namba sawa yanaweza kufika kwenye tuta lilelile, moja likapita kimya na jingine likaacha kipande cha plastiki.

Kwanza kuna pua. Chukua gari ambalo bampa lake la mbele liko sentimita 12 juu ya ardhi na limejitokeza sentimita 90 mbele ya pale tairi linapokanyaga. Mbele ya geti kuna kijia cha zege kinachopanda sentimita 15 kwa kila mita. Tairi likifika mwanzo wa mpando, bampa lilikwisha kuwa sentimita 90 mbele, mahali ambapo zege limepanda sentimita 13 na nusu. Limegusa kabla tairi halijapanda hata kidogo. Gari jingine lenye pua fupi, bampa likiwa kwenye kimo kilekile cha sentimita 12, lingepita. Kilichotofautiana ni urefu wa pua.

Pili kuna tumbo, na hapa urefu wa gari ndio hugeuka adui. Matairi ya mbele yakishavuka tuta na ya nyuma hayajalifikia, tumbo zima linaning'inia juu ya tuta bila tairi la kulinyanyua. Kadiri magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavyoachana, ndivyo tumbo linavyokuwa hatarini zaidi. Porsche 911 ina sentimita 245 kati ya ekseli mbili, na Chevrolet Corvette ya kizazi cha nane ina takriban sentimita 272. Tofauti hiyo ni ndogo machoni, lakini kwenye kilele cha mpando mkali inatosha kuamua nani atasikia mkwaruzo.

Tatu, gari linalosimama si gari linalokwenda. Shokapu na springi hukaza na kulegea njiani. Abiria watatu nyuma, mizigo kwenye buti, tenki la mafuta lililojaa, na shimo lililokanyagwa sekunde moja kabla ya tuta, vyote hula sentimita zilizotajwa kwenye karatasi. Breki nazo zina mchango wake mbaya. Dereva akikanyaga breki, pua huinama. Walio wengi hukanyaga breki mpaka juu ya tuta lenyewe, yaani wanaishusha pua wakati hasa inapotakiwa kuwa juu. Anayeijua kazi hupunguza mwendo mapema, kisha huachia breki nusu mita kabla ya tairi kugusa, na pua hurudi juu yenyewe.

Safari ilivyofunza viwanda

Hakuna mahali gari la mbio lilipolazimika kunyanyuka kwa dhati kama kwenye Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, mwaka uleule wa tuta la Compton, yakiitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara zilikuwa za umma, zenye mifugo, makorongo na tope la masika, kwa sababu kwa miaka mingi Safari ilifanyika wakati wa Pasaka.

Nissan ilikuja na Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye pua ndefu, ambalo Ulaya na Marekani lilinunuliwa na watu waliotaka kutesa wikendi. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971. Miaka miwili baadaye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekimbilia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, alishinda na 240Z akiwa na Lofty Drews, baada ya kumaliza na pointi za adhabu sawasawa na Harry Källström wa Uswidi. Gari la ushindi wa 1971 Nissan bado inalihifadhi kwenye mkusanyiko wake huko Zama, Japani.

Lancia Stratos ilikuwa jambo jingine. Ilikuwa fupi, pana, ya chini, iliyochorwa kama kabari, na kwenye lami ya Ulaya haikuwa na mpinzani. Ilishinda ubingwa wa dunia wa rali miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1974 hadi 1976. Safari iliikatalia. Mwaka 1975 Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, wote wakiwa na Stratos, na aliyewatangulia alikuwa Ove Andersson na Peugeot 504. Ndiyo, 504, gari lililobeba abiria na magunia kutoka Dakar hadi Mombasa. Wafaransa waliliweka juu kwa springi ndefu na laini, na gari lile lilijua kumeza mashimo.

Kisha ikaja Pasaka ya 1978. Porsche ilileta Kenya magari mawili ya 911 SC yaliyoandaliwa rasmi kiwandani, moja la Waldegård na jingine la Vic Preston Jr., mwenyeji wa Kenya. Yaliinuliwa hadi nafasi ya sentimita 28 chini ya tumbo. Aliyezoea kuona 911 imelala karibu na lami huko Stuttgart angedhani hili limepandishwa juu ya jeki likasahaulika pale. Chini waliweka mabamba ya kinga, na mbele chuma cha kukinga wanyama. Preston alimaliza wa pili na Waldegård wa nne. Mshindi? Jean-Pierre Nicolas, na Peugeot 504 tena, safari hii ya milango miwili yenye injini ya V6.

Porsche haikuwahi kushinda Safari ya ubingwa wa dunia, na hilo laiuma mpaka leo. Lakini kazi ya wahandisi wake wa 1978 haikupotea. Watengenezaji walijifunza kwamba kuinua gari ni kazi ya gari zima. Ukiongeza sentimita 15 chini ya tumbo, lazima springi ziwe ndefu na shokapu zenye mwendo mrefu, shafti za magurudumu zivumilie kufanya kazi kwa pembe kali, na mwili wenyewe uimarishwe mahali ambapo shokapu hupiga. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68, alirudi na 911 ya zamani iliyoinuliwa namna hiyohiyo na kushinda Safari ya magari ya kale, mwanawe Mathias akimsomea njia.

Kitufe cha kuinua pua

Viwanda vilichukua muda mrefu kumsikiliza mteja wa kawaida, yule ambaye hashindani na mtu ila anataka kuingia nyumbani kwake. Leo Porsche, Lamborghini, Ferrari na McLaren huuza magari yenye kitufe cha kuinua pua. Pampu ndogo husukuma mafuta kwenye silinda zilizofungwa juu ya shokapu za mbele, na pua hupanda sentimita tatu au nne. Kwenye Corvette mpya inapanda takriban milimita 40 kwa chini ya sekunde 3, kwa sharti kwamba mwendo usizidi kilomita 39 kwa saa. Tena gari hukariri kwa setilaiti hadi mahali 1,000 ambapo dereva aliwahi kubonyeza kitufe, na kila likikaribia hapo hujiinua lenyewe. Mkazi wa Dar es Salaam akilinunua, hizo 1,000 huenda zikaisha kabla hajatoka Kinondoni.

Mfumo huo una mipaka. Huinua mbele tu katika magari mengi, kwa hiyo pua hupona na tumbo hubaki palepale. Tena ni mabomba, pampu na sili, vitu ambavyo siku vikivuja fundi wa kuvitengeneza hapatikani kila kona.

Halafu kuna waliokata shauri kurudi kwenye dawa ya Safari. Lamborghini ilitoa Huracán Sterrato, yenye nafasi ya milimita 44 zaidi ya Huracán EVO, ikatengeneza 1,499 tu. Porsche ilitoa 911 Dakar, milimita 161 chini ya tumbo, ambazo ni 50 zaidi ya 911 Carrera yenye springi za michezo, na inaweza kujiinua 30 zaidi na kuendeshwa hivyo hadi kilomita 170 kwa saa. Jina lake linatokana na ushindi wa René Metge kwenye mbio za Paris–Dakar za 1984. Yalitengenezwa 2,500. Ni magari ya watu wachache sana, lakini yanathibitisha kwamba mtengenezaji anaweza kulipa gari la mbio nafasi ya kutosha akitaka, mradi ajenge yote kwa pamoja.

Gereji ya mtaani

Mwenye gari la kawaida la chini anakwenda kwa fundi, na fundi kwa kawaida ana jibu moja: spesa. Ni vipande vya aluminiamu, raba ngumu au plastiki ngumu vinavyowekwa juu ya shokapu au chini ya springi, na gari hupanda sentimita 2 hadi 5 kwa siku moja. Bei haitishi, na kazi inaonekana kwa macho. Lakini springi na shokapu ni zilezile za zamani, kwa hiyo gari halijaongezewa uwezo wa kumeza mashimo hata kidogo. Limesogezwa juu tu. Shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele sasa zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikuundiwa, na vifuko vya raba vinavyoshika grisi kwenye maungio huanza kupasuka. Kiasi cha sentimita 2 au 3 gari nyingi huvumilia. Sentimita 5 ni kutafuta fundi mwingine mwaka kesho. Na baada ya kuinua, hata kwa sentimita moja, alaimenti ipimwe upya, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja.

Kabla ya spesa kuna jambo ambalo mafundi wachache hulisema kwa sababu halina faida ya haraka. Gari lililotumika miaka kumi na tano mara nyingi limeshuka lenyewe, kwa springi zilizochoka na raba zilizobonyea. Springi mpya za kiwango cha kiwandani zinaweza kurudisha sentimita ambazo mwenye gari alidhani hazikuwapo. Na ikiwa mmiliki wa awali alifunga springi fupi, au mbaya zaidi alizikata kwa msumeno, hakuna spesa itakayotibu hilo. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake gurudumu likining'inia. Itolewe.

Matairi ni njia nyingine, na ina hesabu yake. Tairi la 225/45R17 lina ukuta wa milimita 101. Ukilibadilisha kwa 225/55R17, ukuta unakuwa milimita 124, na gari zima linapanda zaidi kidogo ya sentimita 2, pamoja na kwamba ukuta mnene hulinda rimu kwenye shimo. Gharama yake ni kwamba spidomita inaanza kudanganya: ikionyesha 100, gari liko kwenye 107. Pia tairi lisiguse ukingo wa bodi usukani ukikatwa mpaka mwisho. Mwenye busara huijaribu gurudumu moja kwanza, akizungusha usukani huku na huku gari likiwa na watu ndani.

Kinga ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni kitu ambacho gari la chini halipaswi kukosa. Magari mengi ya Japani hutoka kiwandani na kava la plastiki tu chini ya injini. Kava hilo huvunjika kwenye matuta, na fundi akilitoa mara ya tatu hulitupa nyuma ya gereji akimwambia mteja halina kazi. Lina kazi. Huelekeza hewa kwenye rejeta na kuzuia tope lisirukie mikanda. Bamba la aluminiamu lenye matundu ya hewa, lililofungwa kwenye fremu badala ya kwenye sampu yenyewe, ni ununuzi bora kuliko rimu mpya, ingawa hakuna atakayelisifia. Ila bamba nalo lina unene, na hupunguza nafasi ya chini kidogo.

Tuta hupitwa kwa mshazari

Madereva wa magari ya chini hujulikana kwa namna wanavyolikabili tuta: wanalipinda. Wenye bodaboda nyuma yao hukasirika, lakini kuna sababu ya hesabu. Gari likivuka tuta kwa kulikabili moja kwa moja, matairi mawili ya mbele hupanda pamoja na kushuka pamoja, kisha sentimita 245 za tumbo hupita juu ya tuta bila msaada wa tairi lolote. Gari lilelile likivuka kwa pembe ya nyuzi 45, matairi hupanda moja moja. La mbele kulia linapanda, linashuka. Kabla tumbo halijasogea mbali, la mbele kushoto limefika. Muda si muda la nyuma kulia, kisha la nyuma kushoto. Kama magurudumu ya kushoto na kulia yameachana sentimita 160, pengo kubwa kabisa kati ya tairi moja na jingine ni sentimita 113, chini ya nusu ya lile la awali. Karibu wakati wote kuna tairi jirani linaloinua tumbo. Pua nayo hufaidi, maana kona ya bampa iko karibu na tairi kuliko katikati yake.

Mbinu hiyo inataka nafasi. Kwenye barabara nyembamba dereva anaingia upande wa wanaokuja, kwa hiyo atazame mbele na kwenye vioo kabla ya kupinda, na asijaribu kwenye kona au kwenye barabara kuu yenye malori. Hapo ni bora kusubiri, au kukubali mkwaruzo wa plastiki. Mteremko wa getini kwake anaweza kuumaliza kwa mbao mbili nene zinazolazwa mwanzoni mwa mpando. Wengi huziacha hapo hapo kando ya ukuta, na mlinzi huzipanga akisikia honi.

Anayekwenda kununua gari la chini lililotumika apige magoti. Rangi ya juu hupakwa upya, bampa huzibwa kwa pasta na kung'arishwa, lakini upande wa chini wa mdomo wa bampa haung'arishwi na mtu. Mikwaruzo ya plastiki pale ni ya kawaida. Cha kutazama ni sampu, mabomba ya ekzosi na sehemu za kuwekea jeki. Sampu ya chuma iliyobonyea ndani inaweza kuonekana si kitu, kumbe kichujio cha kunyonya oili kiko milimita chache tu juu ya sakafu yake, na kibonye kikikikaribia injini hunyimwa oili kwenye mwendo mkubwa. Sampu ya aluminiamu haibonyei, hupasuka.

Gari likigonga tuta kwa kishindo cha chuma badala ya mkwaruzo wa plastiki, dereva asimame mahali salama na kuchungulia chini, akiwa na tochi ikiwa ni usiku. Maji yanayodondoka chini ya rejeta yanaweza kungoja dakika chache. Oili haingoji. Taa nyekundu yenye umbo la kibuyu cha oili ikiwaka, injini izimwe hapohapo, na gari livutwe kwa kamba au winchi hata kama gereji iko umbali wa mita mia tatu, kwa sababu mita hizo mia tatu zinatosha kuua beringi ambazo sampu mpya haitazirudisha.